Manahodha Wengi, Jina Moja: Nani Anawajibika Ndani ya Seva za Umma?

Taasisi inayowapa watumishi wake sita ufunguo mmoja wenye jina moja imejinyima uwezo wa kujua nani amefanya nini. Hiyo ndiyo hoja yangu leo, nami naitanguliza ili msomaji asihangaike kuitafuta katikati ya istilahi. Jambo ambalo wakuu wetu huliita "la kiufundi" na kuwasukumia vijana wa TEHAMA, yaani kuweka utaratibu wa kuwatambua watumiaji katika klasta ya Kubernetes, ni jambo la utawala. Linauliza maswali yaleyale ambayo katiba huuliza: nani anaingia, kwa jina gani, kwa idhini ya nani, na nani atajibu kesho mambo yakiharibika.

Kwa msomaji asiye wa fani hii, nieleze kwa ufupi. Mifumo mingi ya kisasa haiwekwi tena kama programu moja kubwa ndani ya kompyuta moja. Hukatwa vipande, kila kipande kikafungwa ndani ya kontena pamoja na vyote kinavyohitaji ili kifanye kazi, kisha makontena hayo yakapakiwa juu ya seva kadhaa zilizounganishwa, ziitwazo klasta. Kubernetes ndiyo inayoamua kontena lipi likae kwenye seva ipi, lipi likizimika liwashwe upya, na lipi liongezewe nakala watu wanapofurika, kama ile siku ya kutangazwa matokeo ya mitihani. Kampuni ya Google iliitangaza mwaka 2014, na mwaka 2015, toleo la kwanza kamili lilipotoka, ikaikabidhi kwa taasisi mpya ya Cloud Native Computing Foundation iliyo chini ya Linux Foundation. Jina lake ni la Kiyunani, na maana yake ni nahodha, mshika usukani. Neno hilohilo, baada ya kupitia Kilatini, ndilo lililowapa Waingereza neno lao la serikali. Nasi neno letu "nahodha" tulilipokea kutoka Kiajemi, bwana wa chombo. Kwa hiyo hata jina lenyewe linatukumbusha kwamba tunazungumzia madaraka. Na wahenga wa pwani walikwisha kutuonya: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Sasa tusimame mlangoni. Kila amri inayotolewa kwa klasta hupita kwenye seva ya API, na hapo huulizwa maswali mawili kwa mpangilio. La kwanza: wewe ni nani? La pili: je, unaruhusiwa kufanya hili? Wengi huyachanganya, na humo ndimo balaa linamoanzia, kwa sababu jibu la swali la pili haliwezi kuwa na maana kuliko ukweli wa jibu la kwanza. Unaweza kuandika kanuni safi za kugawa madaraka kwa kadiri ya wadhifa, utaratibu ambao umekuwa imara ndani ya Kubernetes tangu toleo la 1.8 la mwaka 2017. Lakini ikiwa watu sita wanaingia kwa jina moja, kanuni hizo zinampima mtu ambaye hayupo.

Jambo linalowashangaza wanafunzi wangu kila mwaka ni kwamba Kubernetes haina daftari la watumiaji. Huwezi kuiamuru imsajili Asha au Juma. Inazo akaunti za huduma, ambazo ni vitambulisho vya programu zinazofanya kazi ndani ya klasta, binadamu haiwatunzi. Inachofanya ni kuamini ushahidi unaotoka nje. Ukileta cheti kilichotiwa saini na mamlaka ya vyeti ya klasta hiyo, itasoma jina la mwenye cheti na kukuita hivyo. Itasoma sehemu ya shirika na kukuhesabu mwanachama wa kikundi kilichoandikwa hapo. Usipoleta kitambulisho chochote, na mlango ukawa umeachwa upokee wasiojulikana, utapewa jina la system:anonymous. Utaratibu huo una busara yake, kwani kila taasisi huwa na orodha yake ya watu na si kazi ya nahodha kuandika upya orodha ya abiria. Ila una sharti: taasisi iwe na orodha hiyo kweli, na ichukue hatua ya kuiunganisha na klasta.

Hapo ndipo taasisi nyingi huishia njiani. Chombo cha kusimika klasta kiitwacho kubeadm kinapomaliza kazi huacha faili liitwalo admin.conf. Ndani yake mna cheti na ufunguo wa siri, na jina la mwenye cheti ni kubernetes-admin. Kabla ya toleo la 1.29, cheti hicho kilikuwa katika kikundi kiitwacho system:masters, yaani mabwana wa mfumo. Mwanachama wa kikundi hicho hapimwi kwa kanuni yoyote ya mgawanyo wa madaraka. Zifute kanuni zote, yeye bado atapita. Faili la namna hiyo ni la kuwashia klasta kwa mara ya kwanza, kisha likafungiwe. Kinachotokea ni kwamba linanakiliwa kwenye flashi, linatumwa kwa WhatsApp, linapachikwa katika kompyuta ya kila anayejiunga na kitengo. Tangu siku hiyo, ndani ya chombo kinachobeba kumbukumbu za wananchi, watumishi wote wanaitwa kubernetes-admin.

Ipo amri ya kuiuliza klasta "mimi ni nani?", nayo ni kubectl auth whoami. Namsihi kila mtumishi wa TEHAMA anayesoma ukurasa huu aiandike leo. Ikimjibu kubernetes-admin, ajue kwamba mbele ya mfumo anaoulinda hana jina lake mwenyewe, na kwamba lolote litakalotendwa na mwenzake limekwisha kuandikwa kwa jina analolitumia yeye.

Tuchukue mfano wa kutunga, ingawa hautakuwa mgeni kwa yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya uchunguzi. Saa nane usiku, alama za wanafunzi kadhaa zinabadilishwa katika mfumo wa chuo. Aliyefanya hivyo hakuhitaji kuvunja kitu. Mwenye faili la mabwana anaweza kusoma siri zilizohifadhiwa ndani ya klasta, zikiwemo nywila za hifadhidata, na kuingia humo kama mwenyeji. Asubuhi kamati inaundwa. Kumbukumbu, kama zipo, zinasema kwamba aliyesoma nywila ile ni kubernetes-admin. Watu sita wana jina hilo. Sasa niulize, ndugu msomaji, nawe ujibu kwa uzoefu wako wa ofisi zetu: nani atasimamishwa kazi kupisha uchunguzi? Hatakuwa mkuu wa kitengo aliyeamuru faili ligawiwe, wala mzabuni aliyeondoka na nakala. Atakuwa kijana wa mkataba, yule mwenye mwaka mmoja kazini, ambaye kosa lake ni kwamba siku hiyo zamu ilikuwa yake.

Na tukifika mahakamani hali inazidi kuwa mbaya. Tanzania inayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayofanya kuingia katika mfumo bila idhini kuwa jinai. Inayo pia Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huohuo, inayotaka uzito wa ushahidi wa kielektroniki upimwe, pamoja na mambo mengine, kwa kuangalia namna aliyeutoa alivyotambuliwa. Mwendesha mashtaka atasimama na nini mkononi? Atasema mshtakiwa alitambuliwa kwa jina ambalo watu wengine watano walilitumia wiki ileile? Matokeo ni dhuluma ya pande mbili. Mwenye hatia ataachiwa kwa sababu haiwezekani kuthibitisha, na asiye na hatia atapoteza kazi kwa sababu haiwezekani kukanusha.

Wapo wanaodhani kwamba kudai utambulisho wa kila mtu ni anasa ya wazungu. Nawaomba wakumbuke masjala. Katika ofisi ya makaratasi, jalada halikutoka rafuni bila kuandikwa limekwenda kwa nani na siku gani. Kila dokezo lilikuwa na namba, tarehe na sahihi. Masjala ya siri ilikuwa na chumba chake na watu wake. Hundi ilihitaji watia sahihi wawili, na ofisi ilikabidhiwa kwa hati ya makabidhiano. Karani wa masjala ambaye hakuwahi kugusa kompyuta alikuwa na nidhamu ya uwajibikaji kuliko klasta nyingi za leo. Tumehamisha mafaili kwenda kwenye seva na kuliacha daftari la masjala nyuma, kisha tunajisifu kwamba tumeingia zama za kidijitali.

Hatari ya pili ni ya wale walioondoka. Kubernetes haina njia ya kubatilisha cheti cha mtumiaji mmoja kabla ya muda wake kwisha. Haisomi orodha ya vyeti vilivyofutwa. Cheti kinachotolewa na kubeadm kwa kawaida huishi mwaka mmoja, na mamlaka ya vyeti yenyewe miaka 10. Mtumishi akistaafu, akihamishwa au akiachishwa kazi, cheti chake hakina habari. Kama kilikuwa na jina lake, angalau unaweza kulinyang'anya jina hilo ruhusa zake. Kama kilikuwa cha mabwana wa mfumo, huna la kunyang'anya. Njia iliyobaki ni kubadilisha mamlaka ya vyeti, yaani kung'oa kila kitasa cha nyumba. Tena anayeshika nakala ya ufunguo wa mamlaka ya vyeti anaweza kujitengenezea cheti kipya chenye jina lolote alitakalo, hata lako. Ninyi mliopokea mifumo kutoka kwa wazabuni mkapiga picha ya pamoja na kukata utepe, je, hati ya makabidhiano ilisema ufunguo huo uko kwa nani?

Nisieleweke vibaya kwamba huu ni uzembe wa Waafrika. Februari 2018 kampuni ya usalama ya RedLock ilieleza jinsi wavamizi walivyoingia katika dashibodi ya Kubernetes ya Tesla, kampuni ya Marekani, iliyokuwa imeachwa bila nywila. Ndani walikuta funguo za akaunti ya kampuni hiyo kwa Amazon, na wakazitumia kompyuta zake kuchimba sarafu za kidijitali. Tesla haikukosa fedha wala wahandisi. Ilikosa mtu wa kuuliza swali la kwanza mlangoni. Tofauti ni kwamba mteja wa Tesla anaweza kununua gari jingine, ilhali mwananchi hawezi kuchagua mamlaka nyingine ya kodi, mfuko mwingine wa pensheni au daftari jingine la vizazi. Anayelazimishwa kutoa taarifa zake ana haki ya ulinzi mkubwa kuliko anayezitoa kwa hiari.

Najua majibu nitakayopewa, maana nimeyasikia vikaoni.

La kwanza: "Sisi ni wachache, tunaaminiana." Kuaminiana ni jambo jema, na ndiyo sababu ya kumlinda anayeaminiwa. Mhasibu mwaminifu ndiye wa kwanza kutaka stakabadhi, kwa kuwa stakabadhi ndiyo itakayomtetea siku fedha zikipungua.

La pili: "Hatuna bajeti." Keycloak na Dex, programu mbili zinazoweza kufanya kazi ya kutoa utambulisho, ni za msimbo huria na hazina ada ya leseni. Kinachohitajika ni muda wa mhandisi na uamuzi wa mkuu. Taasisi inayopata fedha za semina ya siku tatu hotelini haiwezi kusema imekosa siku tatu za mhandisi wake mwenyewe.

La tatu: "Siku ya dharura tutafanyaje?" Swali zuri. Dharura huandaliwa ufunguo wake, ukafungwa, ukawekwa chini ya watu wawili, na kila ukitumika ukaandikiwa taarifa. Hata watengenezaji wa kubeadm wameliona hilo: kuanzia toleo la 1.29 wametenga faili la mabwana, super-admin.conf, mbali na lile la msimamizi wa kawaida, ambalo sasa linapata madaraka yake kwa kanuni inayoweza kuondolewa. Dharura haihalalishi mlango kuachwa wazi siku 365.

La nne linatoka kwa marafiki zangu wanaharakati, nami naliheshimu kuliko mengine: "Unataka kila mtu ajulikane na kila tendo liandikwe. Huo si ujasusi?" Ingekuwa hivyo kama ningedai mwananchi aandikwe kila anapofungua ukurasa. Ninachodai ni kwamba mwenye madaraka juu ya taarifa za wengine aandikwe anapoyatumia madaraka hayo. Kumchungulia mnyonge na kumwajibisha mwenye nguvu ni mambo mawili, na anayeyachanganya humsaidia mwenye nguvu. Hata hivyo onyo lao lina ukweli ndani yake: kumbukumbu hizo zisikae mikononi mwa walewale zinaowaandika, zisitumiwe kumfuata mtumishi kwa siasa zake, na ziwe na muda wa kufutwa.

Basi ifanyike nini? Mosi, taasisi iwe na mtoa utambulisho mmoja, na klasta iunganishwe naye kwa utaratibu wa OpenID Connect. Seva ya API huelekezwa kwenye anwani ya mtoa utambulisho huyo, ikaelezwa sehemu gani ya tokeni inabeba jina la mtumiaji na sehemu gani inabeba vikundi vyake. Mtumishi huingia kwa akaunti yake ya kazi na kupewa tokeni yenye saini. Seva huithibitisha saini kwa ufunguo wa hadharani wa mtoa utambulisho, bila kumuuliza upya kila mara. Hapa pana tahadhari: tokeni nayo, ikishatolewa, haibatilishwi. Kwa hiyo iishi dakika chache tu. Ofisi ya rasilimali watu ikifunga akaunti ya aliyeondoka, tokeni mpya haitatoka, na siku yake ya mwisho kazini itakuwa kweli siku ya mwisho.

Pili, ruhusa zipewe vikundi vya nyadhifa, zikianza na kidogo. Kanuni za Kubernetes huongeza ruhusa tu, hazina katazo. Ukishampa mtu ruhusa pana kupita kiasi, hakuna kanuni ya pili ya kumpunguzia. Itabidi uiondoe ile ya kwanza. Wanaogawa kwanza kisha wakatarajia kubana baadaye wajue kwamba wanajenga juu ya mchanga.

Tatu, njia za mkato zikomeshwe. Orodha ya tokeni iliyoandikwa ndani ya faili la seva huzalisha funguo zisizokwisha muda, na haibadilishiki bila kuiwasha upya seva ya API. Kumpa mtu tokeni ya akaunti ya huduma ni kumvisha binadamu sare ya mashine, kisha tukajifanya hatumjui anapokosea.

Nne, kumbukumbu za ukaguzi ziwashwe. Kubernetes haiandiki kumbukumbu hizo mpaka ipewe faili la sera linaloeleza nini kiandikwe. Klasta isiyopewa sera hiyo haikumbuki nani aliamuru nini, na mkaguzi atakayefika atapewa maelezo ya mdomo.

Kila kundi miongoni mwa wasomaji wangu lina sehemu yake. Wanafunzi wa kompyuta, mkiisimika klasta ya majaribio msiridhike kwamba inawaka. Jifunzeni kumwingiza mtu wa pili kwa jina lake na kumwondoa. Wanafunzi wa sheria na utawala, msiwaachie wenzenu jambo hili, kwani kesi za kesho zitasimama au kuanguka juu yake. Wanaharakati, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, zinawapa pa kuanzia. Hamhitaji kuomba siri za mitambo ili kuuliza kama kila anayegusa taarifa zetu ana jina lake mwenyewe. Watumishi wa umma, kataeni kupokea faili lenye jina lisilo lenu. Mkilazimishwa, andikeni dokezo, mtie tarehe, mbaki na nakala.

Na kwa wakuu wa taasisi nina ombi moja linaloweza kutekelezwa kabla ya mwaka huu wa fedha kwisha. Mkataba wowote wa mfumo wa umma usitiwe saini bila ukurasa unaojibu maswali matano: nani anashika ufunguo wa mamlaka ya vyeti, watumiaji wanatambuliwa na chombo gani, anayeondoka anaondolewa ndani ya muda gani, ufunguo wa dharura uko kwa watu gani wawili, na kumbukumbu za ukaguzi zinasomwa na nani asiye mmoja wa wanaokaguliwa. Mzabuni atakayeshindwa kuujaza ukurasa huo hajui anachokiuza. Mkuu atakayetia saini ukiwa mtupu asije akamsimamisha kijana wa mkataba kupisha uchunguzi.